Aliteleza kwenye Sakafu

Nimeletewa kijitabu. Kimechapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, na katika ukurasa wa kumi na mbili kinasema kwamba wahadhiri wa chuo chetu cha udaktari waliyapokea mafunzo ya ualimu "kwa hiari na kwa moyo mkunjufu". Chini ya maneno hayo pana picha ya mkufunzi aliyeendesha mafunzo. Picha imekatwa ili jicho lake la kulia lisionekane.

Nilikuwa msajili wa chuo hicho, hapa Machakos, hadi nilipostaafu. Daftari la mahudhurio ya mafunzo hayo liliandikwa kwa mkono wangu, na Daftari la Matukio vilevile. Hiari haikuwepo. Moyo mkunjufu sikuuona. Nilichokiona ni damu, na sehemu yake ilikuwa yangu. Sitataja jina la mtu wala la chuo, kwa kuwa sina nia ya kumshtaki yeyote; nataka tu kumbukumbu zikae sawa. Nitayaeleza mambo kwa mfuatano wake, na kosa langu nitalitaja linapofikiwa.

Katika wodi ya upasuaji kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Mkuu wa idara, mpasuaji ambaye mikono yake ilisifiwa kutoka Masinga hadi Athi River, alifanya raundi ya asubuhi akiwa na nyundo ndogo ya kupimia magoti, ile yenye kichwa cha mpira na mpini wa chuma. Sikuwahi kumwona akikitumia kichwa cha mpira. Aliishika kinyume. Mwanafunzi aliyeulizwa swali akakosa alinyoosha mkono mwenyewe, ngumi imekunjwa, na mpini ukashuka juu ya vifundo vya vidole. Wanafunzi waliita jambo hilo kupigwa muhuri. Walikaa mezani kwangu kujaza fomu za mtihani, nami nikajua, kwa kutazama mikono tu, nani alikuwa upasuaji wiki ile.

Hakuwa peke yake. Mhadhiri wa anatomia alirusha mifupa. Nilipata kuandika habari za jino lililong'olewa na mfupa wa paja, mfupa wa mtu aliyekufa zamani na ambaye hakuwa na ugomvi na yeyote. Mwingine alimmwagia kijana chai ya moto kifuani kwa sababu alisinzia. Yote niliyaandika. Kila mwisho wa muhula niliyapeleka juu, na kila muhula yalirudi yakiwa na alama ya vema pembeni, maana yake yamesomwa.

Ndipo akaja mkuu mpya wa chuo, mama mmoja mtulivu ambaye alisoma kurasa hizo zote kwa siku mbili bila kuniita. Siku ya tatu aliniita. Alisema kuanzia mwaka ule mhadhiri yeyote ambaye hajahudhuria siku tano za mafunzo ya ualimu hataruhusiwa kusahihisha mitihani ya mwisho. Kazi ya kuwaleta ilikuwa yangu.

"Washawishi," aliniambia. "Usiwaamuru. Daktari akiamriwa, anachukua funguo za gari anaenda kwa kliniki yake."

Walikuwa wanane. Niliwapelekea barua, kisha nikazifuata barua kwa miguu yangu, mlango kwa mlango. Mhadhiri wa anatomia alinipokea miguu ikiwa juu ya meza.

"Bwana Msajili, mimi nimefundisha miaka ishirini. Nifundishwe kufundisha na nani? Mwalimu wa nasari?"

"Na mkufunzi mstaafu wa chuo cha walimu, daktari. Mama kutoka kijijini Kola."

"Kola! Basi atatufundisha kupanda mbaazi." Akacheka mpaka miguu ikashuka mezani. "Wewe nenda kwa mzee kwanza. Mzee akikubali, mimi ni nani?"

Mzee ni yule mpasuaji. Wote walinijibu hivyo, kila mmoja kwa namna yake: mzee akienda, tutaenda. Mzee mwenyewe alikuwa amechana barua yangu ya kwanza mbele yangu, na ya pili akaifutia damu kwenye kiatu.

Niliipeleka ya tatu asubuhi moja wakati wa raundi, nikidhani kwamba mbele ya wagonjwa ataona haya. Nilisimama karibu na kitanda cha tatu, pembeni ya chuma cha kuning'inizia dripu, nikiwa na bahasha mkononi na Daftari la Matukio kwapani. Wanafunzi sita walimzunguka mgonjwa aliyefungwa bendeji tumboni. Aliyekuwa akiulizwa ni msichana wa mwaka wa nne kutoka Masinga, ambaye baba yake anafuga mbuzi karibu na bwawa. Nilimfahamu kwa tabia moja: kila muhula alikuja masjala kuyanakili matokeo yake kwa mkono, alama kwa alama, kisha akaenda kuyalinganisha na yale ya ubaoni. "Mzee, watu hukosea," aliwahi kuniambia.

Alijibu swali aliloulizwa. Alijibu vizuri, kwa jinsi nilivyoona wenzake wakitikisa vichwa. Kisha akauliza lake: "Lakini kwa nini hapa jeraha liliachwa wazi, daktari? Kwa nini halikushonwa siku ileile?"

"Wodini mimi ndiye ninauliza," alisema mpasuaji. "Mkono."

Aliunyoosha. Akauweka juu ya chuma cha ukingo wa kitanda, sijui kwa nini, labda alitaka usitetemeke. Nyundo ilishuka. Hakuuondoa mkono. Akasema, bila kupandisha sauti, "Bado sijaelewa kwa nini." Nyundo ikapanda juu zaidi kuliko ya kwanza na kushuka mara ya pili, na kilichosikika kilikuwa mlio wa kijiti kikavu. Mgonjwa alipiga kelele kabla yake. Msichana alikitazama kidole chake cha shahada, kilichokuwa kimeelekea mahali ambapo kidole hakielekei, akasema kama mtu anayetoa ripoti: "Daktari, kimevunjika."

"Apelekwe eksrei. Raundi inaendelea."

Raundi haikuendelea. Mpasuaji alinishika kiwiko akanitoa hadi kwenye korido. Mama wa usafi alikuwa amepita na ndoo yake upande wa pili, mbali.

"Karani, umekuja na karatasi yako tena."

"Nimekuja, daktari."

"Na hilo daftari."

"Na daftari."

Nilikuwa nimekwisha kulifungua, kalamu iko wazi. "Sakafu ilikuwa na maji," alisema. "Ulimwona yule mama wa usafi. Andika aliteleza akashikilia kitanda. Na hiyo barua yako nipe niweke sahihi sasa hivi. Nitakuja siku zote tano. Hao wengine saba nitakuletea mimi mwenyewe, nikiwaburuta kwa masikio."

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Niliwaza vidole vya miaka iliyopita na vya miaka ijayo, nikakiweka kidole kimoja upande wa pili wa mizani, nikaona kwamba nimepata biashara nzuri. Nilikuwa nimegonga milango minane kwa muda mrefu. Niliandika: *Mwanafunzi aliteleza kwenye sakafu yenye maji, akaumia kidole.* Yeye akatia sahihi barua yangu akiiegemeza ukutani, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Ningekuwa karani mgeni ningeweza kusema sikujua. Nilijua. Kanuni ya mitihani nilikuwa nimeipiga chapa mimi mwenyewe: mwanafunzi aliyeumizwa akiwa chini ya mhadhiri hupewa mtihani maalumu wa vitendo akipona, aliyeumia kwa uzembe wake, na kuteleza kumo, huhesabiwa amefeli. Mtihani wa vitendo ulikuwa baada ya wiki mbili na ulihitaji mikono yote miwili. Msichana yule alikuwa amekwisha kurudia mwaka mmoja kwa sababu ya ugonjwa, na kanuni haimruhusu mtu kurudia mara ya pili. Kwa mstari wangu ule mmoja, alikuwa anaondoka chuoni.

Alikuja masjala, kidole kikiwa ndani ya plasta ngumu hadi kifundo cha mkono. Hakuketi.

"Mzee, ulikuwa pale. Ulisimama kando ya dripu."

"Nilisimama."

"Sakafu ilikuwa na maji?"

Nilimjibu hivi, na ninaliandika jibu langu kama lilivyotoka: "Daftari limekwisha kuandikwa."

"Sawa," akasema. Aliondoka bila kunakili chochote.

Tangazo la kuondolewa kwake lilibandikwa Alhamisi saa nne. Saa sita wanafunzi walikuwa nje ya masjala, na hawakuwa sita wala ishirini, bali umati. Nilisikia vioo kabla sijasikia maneno. Jiwe la kwanza liliangusha saa ya ukutani. La pili lilinipata sikioni, nikahisi joto likishuka shingoni kuingia kwenye kola ya shati.

"Msajili muongo! Toka nje!"

"Mzee, umetuuza! Umetuuza kwa bei gani?"

Kisha wakaleta ndoo. Sikuelewa hadi maji yalipoanza kumwagwa kupitia madirisha yaliyovunjika, ndoo baada ya ndoo, juu ya mafaili, juu ya sakafu ya masjala niliyokuwa nikiipiga nta kila Ijumaa. Mlango ulitolewa kwenye bawaba zake. Kijana mrefu, ambaye wiki moja kabla nilimpigia muhuri barua ya likizo, alinishika kifuani.

"Si unasema sakafu iko na maji? Hii hapa! Teleza basi, mzee! Teleza tuone!"

"Mwacheni ateleze polepole," akasema mwingine, "asivunje kidole!"

Walicheka, na katika kicheko hicho alinisukuma. Nilienda chini kwa magoti, kisha kwa uso. Nikiwa pale majini niliwaza jambo ambalo lingefaa kuandikwa: hakuna aliyeteleza.

Askari wa lango walifika na rungu. Walipiga bila kuchagua. Niliona rungu likiingia begani mwa kijana aliyekuwa akijaribu kuokota miwani yake, nikaona mkono wake ukining'inia kama wa shati lililoanikwa. Msichana mmoja aliburutwa kwa nywele hadi kwenye ngazi. Gari la mpasuaji lilivunjwa vioo vyote na kuangushwa ubavu. Jioni sikio langu lilishonwa nyuzi sita, na chuo kikafungwa kwa wanafunzi hadi wiki iliyofuata. Msichana wa Masinga hakuwa miongoni mwa waliorusha mawe. Waliniambia alikuwa bwenini akifunga sanduku kwa mkono mmoja.

Mafunzo hayakuahirishwa. Mkuu wa chuo alisema kama si sasa, basi kamwe.

Mkufunzi alifika Jumatatu mapema kuliko wote. Alikuwa mama mfupi aliyepita miaka sitini, miwani ikiwa imefungwa uzi shingoni, kiondo, kikapu cha kusuka, begani. Aliketi kwenye benchi la ukumbi mdogo wa mihadhara, akatoa nyuzi za mkonge, akaanza kuzisokota juu ya paja huku akisubiri, kama wanavyofanya mama zetu kwenye mikutano ya kanisa na ya maji.

"Hilo sikio limefanya nini, baba?"

Sikuwa nimemweleza mtu yeyote. Nilimweleza yeye, yote: nyundo, ukingo wa kitanda, maneno aliyoyasema mpasuaji, ahadi ya koridoni, ndoo za maji. Alisokota bila kusimama.

"Na huyo msichana?"

"Anaondoka Ijumaa."

"Na wewe umempata daktari wako."

"Nimempata, mwaitu."

Hilo ni neno letu la Kikamba la kumwita mama kwa heshima, na lilinitoka bila kupanga. Alinitazama sikio, kisha nyuzi zake.

Mpasuaji alitimiza ahadi. Waliingia wote wanane, yeye mbele, simu mkononi. Niliketi nyuma na daftari la mahudhurio, nikaandika majina manane, na nakiri nilijisikia fahari.

Mkufunzi hakujitambulisha. Aligawa nyuzi, fungu kwa kila mtu. "Anzeni kitako cha kiondo," akasema. Alionyesha mara moja, haraka, akiwa amewapa mgongo, kisha akachukua rula ya mbao ya ubaoni.

Walicheka. Mhadhiri wa anatomia alijifunga nyuzi kichwani kama bibi harusi. "Hii ni kazi ya wanawake, nyinyi! Mzee, wewe si mtu wa huku? Tuonyeshe!"

"Mama yangu alikuwa akisuka hizi," alisema mpasuaji, bila kuiacha simu.

"Basi ulikuwa ukiangalia nini?" mkufunzi akauliza, na rula ikapiga meza mbele yake kwa kishindo. Simu iliruka. Kicheko kikaisha.

Wakaanza. Ilikuwa ajabu kuiona mikono ile, iliyozoea kushona utumbo wa mtoto mchanga, ikishindwa kushika nyuzi nne zisifunguke. Kitako cha kiondo huanzia katikati, nyuzi zikivukana, na usipoelewa ni ipi inapita juu, kila unachokaza kinalegea kwingine. Mkufunzi alipita nyuma yao. Kwa aliyekosea, rula ilipiga meza. Kwa aliyekosea mara ya pili, rula ilimpata begani.

"Mwaitu," akasema mhadhiri wa anatomia, sasa bila mzaha, "si ungetuonyesha tena?"

"Nimeonyesha."

Mpasuaji alikuwa ametoa jasho. Alikuwa ameanza mara tatu. "Ngoja," akasema, na nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa anataka kujua. "Kwa nini huu unapita chini hapa na pale unapita juu?"

"Darasani mimi ndiye ninauliza," akasema mkufunzi. "Mkono."

Aliinua kichwa. Hakumtazama yeye, aligeuka akanitazama mimi, kule nyuma. Alijua maneno yametoka wapi. Kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu mzima anayekubali mchezo wa watoto, akauweka mkono mezani. Rula ilishuka kwa ukingo wake. Tabasamu lilibaki. Rula ikashuka tena, mahali palepale. Tabasamu likaondoka.

"Bado hujajibu," mkufunzi akasema. "Unapita juu au chini?"

"Sijui! Hujanifundisha!"

Ya tatu iligonga mfupa, tulisikia sote. Akainuka, meza ikaenda upande, na kwa mgongo wa mkono uleule alimpiga yule mama usoni.

Miwani ilivunjika. Fremu yake ilimchana juu ya jicho la kulia, naye akaanguka kwa upande, kichwa kikigonga mguu wa benchi. Daktari wa uzazi, mwanamke kijana kuliko wote mle ndani, alimrukia mpasuaji akamkamata kola na kumbamiza ukutani. "Umempiga mama yako! Umempiga mama yako, mjinga wewe!" Mhadhiri wa anatomia alijitia katikati akapata ngumi ya mdomo, sijui ya nani, na yeye akarudisha kwa aliyekuwa karibu. Viti vilianguka. Nilipokwenda kumwinua mkufunzi, kiwiko cha mtu kilinipata sikioni, nyuzi mbili zikakatika. Ndani ya dakika moja wahadhiri wanane wa udaktari walikuwa wakipigana kama watu wa stendi, na nyuzi za mkonge zimewanasa miguuni.

Sauti ilitoka sakafuni, ya mwalimu anayetuliza darasa:

"Niko na damu kwa macho, na nyinyi ni madaktari wanane."

Wakaacha. Sijapata kuona aibu ikiingia chumbani kwa haraka namna ile.

Mkoba wa huduma ya kwanza ulikuwa ukutani, na daktari wa uzazi alikimbia kuleta sindano, nyuzi na dawa ya ganzi. Tulimlaza mkufunzi mezani. Mpasuaji alikuwa bado ukutani, akiushika mkono wake kwa mkono mwingine.

"Nitashona mimi," akasema.

"Wewe?" Daktari wa uzazi alimgeukia. "Huna hata haya."

"Mwache," akasema mkufunzi. "Anajua kushona, kila mtu anasema. Lakini ataongea."

"Niongee nini?"

"Kila kitu unafanya, useme, na useme kwa nini."

"Hawa wote wanajua."

"Mimi sijui. Na huyu wa daftari hajui."

Akanawa. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba, na aliposhika sindano niliona uso wake ukikunjamana. Kwa sauti kavu alisema kwamba anasafisha kwanza kwa sababu uchafu ukifungiwa ndani, ngozi itapona juu na kuoza chini, na ndiyo maana jeraha lingine huachwa wazi siku kadhaa kabla ya kushonwa. Alisimama hapo. Nilijua kwa nini alisimama. Hilo ndilo lilikuwa jibu, maneno machache tu, la swali lililovunja kidole.

"Endelea," akasema mkufunzi.

Aliendelea. Alieleza kwamba nyusi hazinyolewi, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha pande mbili zikutane wapi. Kwenye uzi wa tatu mkufunzi aliuliza, "Kwa nini hapo na si pale?" naye akajibu, akaonyesha kwa ncha ya mkasi. Mhadhiri wa anatomia alisogea kuangalia, mdomo unavuja. Nilikuwa nimepeleka barua kwenye wodi za mtu yule miaka tisa, na sikuwahi kumsikia akijibu swali la kwa nini.

Alipofunga uzi wa mwisho alinigeukia. "Karani. Utaandika nini?"

"Andika aliteleza," akasema mhadhiri wa anatomia, "twende nyumbani." Lilimtoka kwa mazoea. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akashika mdomo.

Mkufunzi alikuwa amelala mezani, jicho moja limefunikwa, lingine likinitazama.

Nilifungua Daftari la Matukio nikaandika nilichokiona, pamoja na rula, mara ngapi na wapi. Kisha nikarudi nyuma kurasa nne. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaweka rula hiyohiyo juu ya ukurasa, nikakata maneno *aliteleza kwenye sakafu yenye maji* kwa mstari mmoja, na chini yake nikaandika kwamba hakuteleza, kwamba alipigwa mara mbili kwa mpini wa nyundo, mkono ukiwa juu ya chuma cha kitanda, baada ya kuuliza swali, kwamba nilikuwapo, kwamba niliandika uongo kwa kuombwa, nikapewa kwa malipo yake ahadi ya kuhudhuria mafunzo haya.

Kanuni yataka anayehusika asomewe. Nilimsomea, kwa sauti, mbele ya wote.

"Hiyo ya ahadi ungeiacha," akasema. "Inakuumiza wewe."

"Ni sehemu ya tukio, daktari."

Alichukua kalamu. Alikaa nayo muda mrefu mpaka nikadhani atauchana ukurasa. Akatia sahihi mahali pa *nimesomewa*, kwa mwandiko mbaya, mkono umevimba. Kisha akairusha kalamu ukutani ikapasuka, wino mwekundu ukashuka juu ya rangi nyeupe. Alama ile, kwa ninavyojua, bado ipo.

Yaliyofuata ni mafupi. Baraza la chuo lilimwondoa mpasuaji kufundisha kwa mwaka mmoja. Aliporudi, nyundo hakurudi nayo. Moyoni mwake sikuingia. Mkufunzi alikataa kwenda polisi, na alikubali mbele ya baraza kwamba alikuwa amekusudia kupiga mara mbili tu na kwamba ile ya tatu ilikuwa ya hasira. Alikamilisha siku tano akiwa na bendeji juu ya jicho. Kati ya wale wanane, sita walimaliza; daftari la mahudhurio lipo. Mimi nilipewa barua ya onyo la mwisho kwa kughushi kumbukumbu, na nikastaafishwa kabla ya wakati. Barua hiyo ni ya haki. Naihifadhi.

Tangazo la msichana wa Masinga lilibanduliwa Jumatano, siku mbili kabla ya kuondoka kwake. Miezi mitatu baadaye alifanya mtihani maalumu, kidole kikiwa kimeunga kwa kupinda kidogo, akafaulu.

Alikuja masjala katika wiki yangu ya mwisho. Madirisha yalikuwa yamewekwa vioo vipya. Aliomba matokeo yake, akayanakili, alama kwa alama, akishika kalamu kwa namna mpya, kati ya kidole cha kati na cha pete. Alipomaliza hakuinuka.

"Naomba kuuona ule ukurasa."

Nilimfungulia. Aliusoma mara mbili, juu na chini.

"Bado inasomeka," akasema. "Ile ya kwanza."

"Ndivyo kanuni inavyotaka. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja. Halifutwi wala halifunikwi, ili anayekuja ajue liliandikwa nini na nani alilirekebisha."

"Kwa hiyo mtu akifungua hapa, ataona kwanza uliandika nini kunihusu."

"Ataona."

Aliweka kidole chake kilichopinda juu ya mstari mwekundu, akakipitisha kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Vizuri," akasema. "Wasije wakaifuta."

Hakuniambia ahsante, wala sikutarajia. Alikwenda ubaoni kulinganisha.

Kijitabu kile nimekirudisha chuoni jana kwa posta. Katika ukurasa wa kumi na mbili nimeweka rula, nikakata maneno yale sita kwa mstari mmoja mwekundu, na pembeni nimeandika yaliyotokea, kwa ufupi, pamoja na habari ya jicho la kulia. Nimetia sahihi na tarehe. Yaliyochapishwa bado yanasomeka.